Maswali ya Wasomaji: Kununua Nyumba Dodoma, Ardhi Inapotikisika

Barua za wanaohamia Dodoma na kutaka nyumba iliyokwisha jengwa zimekuwa nyingi, na zaidi ya nusu zinarudi kwenye jambo lilelile: tetemeko. Zilizofanana tumeziunganisha. Za bei ya viwanja tumeziacha kwa toleo jingine.

Kuna mtaa usiotikisika?

*Ndugu wahariri, salaam. Nimehamishiwa Mtumba kikazi na nimeonyeshwa nyumba tatu: moja Iyumbu, moja Nzuguni, moja chini ya kilima upande wa Ntyuka. Dalali anasema Nzuguni "hakuna matetemeko". Mwenzangu ofisini anasema Dodoma yote imekaa kwenye mpasuko. Nimsikilize nani? – Mtumishi, Mtumba*

Msikilize mwenzako. Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na eneo zima limezungukwa na mipasuko iliyo hai, ikiwamo ya Hombolo, Bubu na Mponde. Ule mwinuko wa Saranda ambao treni huupanda ikitoka Bahi kwenda Manyoni ni ukingo wa mpasuko wa namna hiyo hiyo. Novemba 2002 mji ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.5. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu na kuangusha nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani, lilikuwa 5.9. Rukwa mwaka 1910 ilipata la 7.4. Ukumbuke kwamba kila namba moja inapoongezeka kwenye kipimo hicho, nishati inayoachiliwa huongezeka takriban mara 32. Hakuna aliyeandika popote kwamba 5.5 ndiyo mwisho wa Dodoma.

Kwa hiyo kuuliza mtaa gani hautikisiki hakukusaidii. Kati ya Iyumbu na Nzuguni ni kilomita chache tu, na kwa mpasuko ulio chini kilomita kumi huko, umbali huo wala si kitu. Kinachotofautisha kiwanja na kiwanja ni udongo. Msingi uliokaa juu ya mwamba wa itale, au juu ya udongo mwekundu wa kichanga uliojikaza, hutikisika kidogo na kwa muda mfupi. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka kidole kinaingia na kuvimba mvua zikianza, hukuza mtikisiko, na pia huwa umeipasua nyumba mapema, kabla tetemeko halijafika. Kifusi ni kibaya kuliko vyote. Kuna viwanja kwenye mabonde vilivyosawazishwa kwa kumwaga udongo na mabaki ya ujenzi, kisha nyumba ikapandishwa mwaka huohuo.

Usimwulize dalali udongo ukoje, angalia mwenyewe. Tafuta jirani anayechimba shimo la choo au karo uone tabaka zilivyopangana hadi mita mbili. Kama hakuna shimo, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuchimba moja la mita 1.5 pembeni ya kiwanja. Vijana wawili hulimaliza asubuhi moja. Ukikuta vipande vya tofali, nailoni au majivu, umekanyaga kifusi. Tazama pia kuta za uzio za mtaa mzima, kwa kuwa uzio hujengwa kwa msingi mfupi na ndio wa kwanza kuonyesha ardhi inayovimba. Kama kila uzio una mpasuko wa wima kila mita chache, msingi wa nyumba nao umo kwenye ardhi ileile.

Nyumba ya Ntyuka ina swali la ziada. Tazama juu. Vilima vya Dodoma vina majabali ya itale yaliyokaa juu ya mengine bila kushikwa na kitu, na mtikisiko huweza kulitoa moja mahali pake. Jabali lililo mteremko wa moja kwa moja na nyumba, hata liwe mita 80 juu, ni sababu tosha ya kuiacha. Kisha uliza kama nusu ya jukwaa la nyumba ilichongwa kwenye kilima na nusu nyingine ikajazwa. Nyumba iliyokaa nusu mwamba, nusu udongo wa kujazwa, hupasuka pale pale viwili hivyo vinapokutana.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina ofisi zake hapahapa Dodoma na ndiyo inayofuatilia matetemeko nchini. Nenda na namba ya kiwanja na kitalu, ulizia ramani ya jiolojia ya eneo lako. Na kama kuna korongo au mto karibu, pima mita 60 kutoka ukingoni. Ndani ya hapo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 haikuruhusu kujenga, hata kama nyumba imeshasimama na ina umeme.

Nyumba imepigwa lipu na rangi mpya. Nitaonaje kilicho ndani?

*Habari za kazi. Mwenye nyumba amenipa nafasi moja tu ya kukagua kabla ya malipo ya awali. Kila kitu kinang'aa. Sina utaalamu wa ujenzi. Nianzie wapi? – Mama, Ilazo*

Anzia darini, Mama. Rangi haifiki huko. Nenda na fundi mmoja ambaye hakuletwa na dalali, tochi yenye mwanga mkali, futi kamba, timazi, msumari wa inchi 4, na nguo ambazo huogopi kuzichafua.

Mkishainua kile kibao cha dari, tafuteni kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mkanda wa zege juu ya kuta. Uwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, na uzunguke nyumba nzima bila kukatika, pamoja na kuta za ndani. Mafundi wengi huuita linta, na hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika, kwa sababu nyumba nyingine zina linta za vipande tu, yaani zege juu ya kila mlango na kila dirisha, na katikati yake ni tofali tupu. Vipande hivyo hubeba tofali zilizo juu ya dirisha, basi. Havifungi kuta pamoja. Tetemeko linaposukuma nyumba upande mmoja, ukuta ulio sambamba na msukumo hujitahidi, ule uliokaa kuukabili huanguka kifudifudi. Mkanda unaozunguka hufanya kazi ya kamba inayofungia mzigo wa kuni: kila ukuta unashikwa na wenzake. Tungekuruhusu kukagua kitu kimoja tu katika nyumba nzima, kingekuwa hicho.

Mkiwa bado juu, mulika pale kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zinapokalia ukuta. Inatakiwa nondo au waya mnene uliotoka ndani ya zege ukazungushwa kwenye mbao. Kenchi iliyopigiliwa misumari kwenye ubao uliolazwa tu juu ya tofali itateleza. Halafu geukia ncha mbili za nyumba. Kama paa ni la migongo miwili, kila ncha ina ukuta wa pembetatu uliopanda mpaka kwenye kilele. Huo hauna mzigo wa kuukandamiza wala ukuta wa pembeni wa kuuegemea, kwa hiyo ndio hutangulia kuanguka. Ukielekea nje humwangukia aliyetokea mlangoni, ukielekea ndani hutoboa dari la chumba cha kulala. Uwe na mkanda wa zege uliopanda kufuata mteremko wa bati, au uwe umebadilishwa kuwa mbao na bati. Paa la pande nne halina tatizo hilo.

Siku hizi mitaa mipya imejaa nyumba za paa la kuficha, bati limezungukwa na ukuta mfupi ili lisionekane barabarani. Zinapendeza. Lakini ule ukuta wa juu, wakati mwingine wenye urefu wa mita nzima, mara nyingi ni tofali zilizosimamishwa bila nguzo hata moja. Ukiwa darini utaona kama kuna vinguzo vya zege vilivyotokea kwenye mkanda kila mita 2 hadi 3. Visipokuwapo, huo ukuta hesabu kwamba utaubomoa au utaufunga kwa gharama yako.

Bado mko palepale: kuta za juu ya dari kwa kawaida hazipigwi lipu, kwa hiyo hapo ndipo mtazijua tofali. Kwaruza tofali kwa msumari. Tofali zuri litatoa mstari mweupe na kelele, baya litamwaga mchanga. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali nzuri za inchi 6 kama 25 hadi 30. Wapo wanaofyatua zaidi ya 50 kwa mfuko huohuo, na wateja wanafurahia bei. Kwaruza pia udongo wa kujengea kati ya tofali. Ukichimbika kwa ukucha, kuta hizo zimepangwa, hazijajengwa.

Sasa shukeni. Pima unene wa ukuta mlangoni, toa sentimita 3 hadi 4 za lipu ya pande mbili. Ukipata 15, tofali zimesimamishwa. Ukipata 23, zimelazwa. Tofali za kusimamisha si kosa, ila ukuta wake usizidi mita 4 bila ukuta mwingine kuukata au nguzo ya zege kuushika. Sebule ya mita 7 isiyo na nguzo katikati ya ukuta mrefu ni ya kuulizia. Madirisha nayo: kutoka kona ya nyumba hadi dirisha la kwanza pawe na sentimita 60 angalau, na kati ya tundu na tundu vilevile. Jumlisha upana wa milango na madirisha ya ukuta mmoja. Ukizidi nusu ya urefu wa ukuta, kilichobaki hakitoshi kuzuia msukumo. Dirisha la konani, hata liwe na kioo kizuri namna gani, limeondoa tofali mahali zinapohitajika kuliko kwingine.

Ning'iniza timazi kwenye kuta ndefu. Ukuta wa mita 3 uliotoka wima kwa zaidi ya sentimita 2, muulize mhandisi kabla ya kwenda mbele. Tazama chini pia, mistari mitatu ya kwanza ya tofali kutoka ardhini. Maji na udongo wa maeneo mengi ya Dodoma vina chumvi, na chumvi ikipanda ukutani hula lipu na tofali taratibu. Ukiona lipu mpya sehemu ya chini tu, kimo cha goti kuzunguka nyumba, gonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia tupu, bandua kipande uone.

Mwisho, tangi. Lita 2000 ni tani mbili. Likiwa juu ya mnara wake wa zege au chuma wenye vyuma vya mshazari, nje ya nyumba, hapo sawa. Likiwa juu ya kuta za bafu zisizo na nguzo, liondoe kwenye hesabu ya bei, kwa sababu utalishusha.

Muuzaji anasema ni ufa wa lipu tu

*Nyumba niliyoipenda ina nyufa mbili sebuleni na moja nje. Muuzaji anasema kila nyumba ya Dodoma ina nyufa. Ni kweli? – Kijana, Nkuhungu*

Nusu yake ni kweli. Lipu iliyokauka haraka kwenye jua na upepo wa Juni hadi Septemba hupasuka vistari vyembamba kama ramani, visivyo na mwelekeo. Hivyo haviumizi kitu. Mwambie akuruhusu kubandua lipu upana wa kiganja juu ya ufa. Tofali likiwa zima chini yake, muuzaji amesema kweli. Ufa ukiendelea ndani ya tofali au kwenye maungio, usome mwelekeo wake.

Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha ni wa msukumo au wa msingi kuzama upande mmoja. Ikiwa ipo miwili inayopishana kwa umbo la msalaba, ukuta ulishasukumwa huku na huku. Ufa unaoshuka ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya tofali ni msingi. Ule wa wima kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini, unamaanisha kuta mbili zinaachana, na ukipanda darini pengine hutaukuta mkanda. Wa mlalo chini ya mkanda, kwenye kuta zinazopigwa jua la mchana, mara nyingi ni joto, na hauna haraka. Sakafu iliyoinuka katikati na milango inayokwama Januari na kufunguka vizuri Agosti: hiyo ni mbuga. Kwa hili wapangaji hujua zaidi ya mwenye nyumba, kwa hiyo waulize wao.

Ufa usiozidi milimita 1, wa zamani na uliojaa vumbi, unaweza kukaa nao. Kuanzia milimita 5, peleka mhandisi. Wa katikati bandika kipande chembamba cha kioo kwa jasi, ng'ambo na ng'ambo, uandike tarehe. Kioo kikivunjika ndani ya wiki chache, ufa unatembea. Na kuziba kwa plasta ya dukani si ukarabati: ufa wa kwenye tofali hushonwa kwa kuchonga maungio kila mstari wa tatu na kulaza nondo ya mm 8, nusu mita kila upande, kisha kufukia kwa saruji na mchanga 1:3.

Boma au nyumba iliyoisha?

*Kuna boma linauzwa Mkonze, limefika kwenye linta, nondo zimechomoza juu. Bei nzuri lakini ndugu zangu wananiambia boma ni mtego. – Mwalimu, Chamwino*

Kwa upande wa tetemeko, Mwalimu, boma ni afadhali, kwa sababu linaonekana lote na mkanda wa juu utausimamia wewe. Lipe tahadhari mbili. Kama limekaa miaka mingi wazi, nondo zilizochomoza zitakuwa na kutu. Zikwangue kwa brashi ya waya, na zile zilizoliwa mpaka zimepungua unene zikatwe na kuungwa upya. Pili, nguzo za kona. Zikiwa zimemwagwa kwanza na tofali zikaja kuegeshwa baadaye, kuna mstari mnyoofu kati ya zege na ukuta, na ukuta hautashikwa. Zikiwa zimemwagwa baada ya tofali kupanda, zikiacha meno ya kuingiliana, umepata fundi aliyejua.

Sasa tuuhesabu huo mkanda wa juu. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 9. Kuta za nje zina mita 38, za ndani tuseme 22. Mkanda wa mita 60. Ukiwa na upana wa sentimita 15 na kina cha 20, zege ni mita za ujazo 1.8. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1½, kokoto 3 utahitaji mifuko kama 15. Nondo nne za mm 12 kuzunguka ni mita 240, yaani vipande 20 vya mita 12, ongeza 3 kwa maungio na kona. Ringi za mm 8, zile zinazozifunga nondo nne pamoja, kila sentimita 20 ni 300. Kila ringi inakula sentimita 65 pamoja na ndoano zake, kwa hiyo nondo moja inatoa 18 na utanunua 17.

Kinachoharibika si hesabu, ni ufungaji. Nondo mbili zikiungwa, zipishane sentimita 60 kwa mm 12, na maungio yote yasiwe mahali pamoja. Konani nondo hazikatwi. Zinapinda na kuingia ukuta wa pili sentimita 60, na zile za nje zikaungane na za nje. Nondo iliyosimama ghafla konani ndiyo kosa linaloonekana kwenye mikanda mingi iliyofunguka. Ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege, nyuzi 135. Fundi atakunja robo, nyuzi 90, kwa kuwa ni rahisi. Zege likianza kupasuka ringi hiyo hufunguka. Chini ya nondo weka vigae vidogo vya saruji vya sentimita 2.5 zisilale juu ya tofali. Baada ya kumwaga, funika kwa magunia na umwagilie siku 7 asubuhi na jioni. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma hukausha zege jioni ileile, na zege lililokaushwa hivyo halifikii nguvu yake hata uongeze saruji.

Omba pia risiti au daftari la saruji iliyotumika kwenye msingi. Asiyenayo hakosi kitu, aliyenayo anakusaidia.

Ghorofa lenye fremu chini

*Tunafikiria ghorofa moja barabarani: chini fremu tano za maduka, juu vyumba. Kodi ya fremu italipa mkopo. – Wanandoa, Kisasa*

Chini wazi, juu kuta nzito: hilo ndilo umbo linalopigwa vibaya zaidi na matetemeko. Mbele hakuna ukuta, kuna nguzo na milango ya chuma tu, kwa hiyo msukumo wote unaishia kwenye nguzo. Pima nguzo. Zile za sentimita 23 kwa 23 zenye nondo nne za mm 12, ambazo mafundi huweka kwa mazoea, hatungelala juu yake. Msinunue bila michoro ya mhandisi aliyesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mumwulize mhandisi wenu swali moja: msukumo wa pembeni uliingizwa kwenye hesabu? Wahandisi wengi wamefunzwa kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza, ambayo haina masharti ya tetemeko. Eurocode 8, kanuni ya Ulaya, inayo. Ukuta wa zege nyuma ya fremu, na mwingine kati ya fremu ya pili na ya tatu, unaweza kubadilisha jibu. Gharama yake iulizwe kabla ya benki kusaini.

Nyumba ya zamani Kondoa: inaimarishika?

*Nimestaafu, nataka kurudi Kondoa. Kuna nyumba ya tofali za kuchoma, imejengwa kwa udongo, bati zuri, haina mkanda. Bei ni ya kutupa. – Mzee, Dodoma mjini*

Shikamoo, Mzee. Inaimarishika kiasi, si kuwa mpya. Tembe ya Kigogo, pamoja na uzito wote wa udongo wake juu, hubebwa na nguzo za miti zenye panda. Ukuta ukidondoka paa halimfuati papo hapo. Nyumba ya tofali isiyo na nguzo haina bahati hiyo, ukuta ukienda na kenchi zinaenda.

Fanya kazi kwa mpangilio huu. Kwanza kuta za pembetatu: bomoa, weka mbao na bati. Ni siku chache, na hatari kubwa imeondoka. Pili, mkanda wa wavu. Tafuta wavu wa waya wa kuchomelea wenye matundu ya mm 25 hadi 50; ule wa kufugia kuku ni mwembamba mno. Bandua lipu usawa wa juu ya milango, upana wa sentimita 40, kuzunguka nyumba nje na ndani. Kwangua udongo wa maungio kina cha sentimita 2, loweka ukuta, bandika wavu pande zote mbili, uunganishe kwa waya mnene uliopita kwenye matundu yaliyotobolewa ukutani kila nusu mita. Wavu upishane sentimita 30 unapoungwa na upinde kona bila kukatwa. Piga lipu ya saruji na mchanga 1:3, unene wa sentimita 3, kwa mapigo mawili. Tatu, mikanda ya wima ya namna hiyohiyo kwenye kila kona na kando ya madirisha makubwa. Nne, funga kenchi kwenye mkanda kwa vyuma bapa au waya.

Iache nyumba hiyo kama kuta zimeinama, kama tofali za chini zinasagika mkononi, au kama mbao za kenchi zimeliwa na mchwa. Hapo bei ya kutupa ni bei ya kiwanja, na uizungumze hivyo.

Karatasi gani zinahusu tetemeko?

*Nimeshafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, hati ni safi, mke wa muuzaji amekubali kwa maandishi, na benki imeleta mthamini. Bado kuna kitu? – Mnunuzi, Miyuji*

Umefanya sehemu ambayo wengi huiruka. Lakini mthamini amepima thamani, hakupima nondo. Usichukue ripoti yake kuwa ndiyo ukaguzi wa jengo. Omba kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji na michoro iliyopigwa mhuri, kisha tembea na michoro hiyo nyumba nzima. Chumba kisichokuwa kwenye mchoro ni nyongeza, na nyongeza huunganishwa na nyumba ya zamani kwa lipu tu. Kwa nyumba iliyojengwa zama za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017, kumbukumbu zake ziulizie Jiji.

Lipa mhandisi wako mwenyewe. Ana nyundo ya kupimia ugumu wa zege na kifaa cha kutafuta nondo bila kubomoa, na kazi ni ya siku moja. Mkataba useme malipo ya awali yanarudishwa ripoti yake ikionyesha kasoro ya muundo, na kasoro zilizopatikana ziandikwe kwa majina na bei za kuzirekebisha. Muuzaji anayekataa kipengele hicho amekujibu.

Kuhusu bima: ile ambayo benki inakulazimisha kwa kawaida ni ya moto na majanga yanayoambatana nao. Tetemeko wakati mwingine limo, wakati mwingine ni la kuongeza kwa ada. Soma orodha ya majanga kwenye waraka wenyewe, si kwenye kipeperushi, utafute neno tetemeko. Kisha tazama kiasi ambacho utabeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Kwa tetemeko huwa ni asilimia ya thamani ya nyumba badala ya kiasi maalumu, na asilimia chache za nyumba ya milioni 120 zinaweza kuzidi gharama ya mkanda tuliouhesabu hapo juu. Piga picha kila ukuta, zenye tarehe, siku ya kukabidhiwa funguo. Mkadiriaji wa bima atataka kujua nyufa zipi zilikuwapo.